Msinikalishe barazani

Kiatu changu cha kushoto kimelika mbele, penye kidole gumba. Cha kulia bado kizima. Mguu hauinuki vizuri, ncha inaburuza, na kila nikirudi kutembea soli imepungua kidogo. Nyumbani wakikiona kiatu hicho wanasikitika. Mimi nakifurahia, maana kiatu cha mtu wa kukaa kitini hakiliki.

Nimepanda Kilimanjaro mara tatu kwa njia ya Marangu, mara mbili nikafika Uhuru, mita 5,895. Jumamosi ulikuwa hunikuti nyumbani. Kisha asubuhi moja, miaka miwili iliyopita, kikombe cha chai kikaniponyoka na mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Damu iliganda ikaziba mshipa upande wa kulia wa ubongo, mwili ukapooza kushoto. Kumbe presha nilikuwa nayo siku nyingi. Sikuwahi kupima, nikiamini presha ni ya watu wasiotoka jasho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatakiwa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Sisi tulibishana kuhusu nani kaniroga, tukafika hospitali jioni.

Linaloniuma sasa ni huruma. Shangazi ananiambia, "Pumzika mwanangu, umetembea vya kutosha." Kiti kimewekwa barazani. Chai inaletwa, chakula kinaletwa, hata vifungo vya shati nafungwa. Mkono dhaifu usiopewa kazi hukakamaa. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia jambo lilelile mara nyingi, tena jambo ambalo mtu analitaka kweli. Kifungo kimoja kilikuwa kinanichukua dakika kumi. Niachieni dakika zangu. Na mkitaka kuniinua, tafadhali msinivute mkono wa kushoto. Bega la upande uliopooza huteguka upesi. Nishikeni kiunoni.

Uchovu upo, nao haufanani kabisa na ule wa mlimani. Unaniangukia katikati ya mazungumzo, nalala. Siku hizo kiti nakihitaji, na nitakiomba mwenyewe.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mfongo, mfereji wa kumwagilia, unaopita kwenye migomba. Zamani niliuruka bila kuutazama. Mwaka jana niliuendea karibu kila asubuhi, nikasimama ukingoni, nikarudi. Nilikuwa naupigia hesabu kama nilivyozipigia hesabu kambi: fimbo itangulie ng'ambo, mguu wa kushoto ufuate, wa kulia ubaki nyuma kunibeba mpaka mwisho.

Siku nilipovuka, maji yaliingia kiatuni. Sikuyasikia, mguu ule bado hausikii baridi vizuri, niliyaona tu. Mpwa wangu alikuwa pembeni. Nilipoyumba alinyoosha mikono kunidaka, kisha akairudisha taratibu, akasubiri. Sikumwambia neno, ila nilimshukuru moyoni kuliko wote walionibeba.

Jumamosi hii tunakwenda mpaka mfongo wa pili, ule wa juu. Kiatu nimekipeleka kwa fundi, akiongeze mpira pale mbele.