Sindano ya povu na ile asilimia 16.3

Wanaoidharau sindano ya povu, yaani dawa iliyogeuzwa povu na kuchomwa ili kuziba mishipa iliyovimba miguuni, wana takwimu yao: 16.3. Katika utafiti wa Denmark uliotoka mwaka 2011, uliohusisha wagonjwa 500 na miguu 580, asilimia 16.3 ya iliyotibiwa kwa povu ilikutwa baada ya mwaka mshipa wa safena, ule mrefu wa juujuu mguuni, ungali wazi na unarudisha damu chini. Kwa leza, inayouziba mshipa kwa joto, ilikuwa 5.8, kwa upasuaji wa kuung'oa mshipa, 4.8. Hesabu ni sahihi. Ila utafiti huohuo ulikuta waliotibiwa kwa povu walikosa kazi kwa wastani wa siku 2.9 na waliopasuliwa 4.3, na hilo halitajwi sana. Mwenye kibanda katika soko la Owino, Kampala, anayesimama kutwa na kulipa hospitali kutoka mfukoni, angelianza na hilo.

Tena povu likishindwa, linarudiwa. Vifaa ni mabomba mawili ya sindano, kiungo chenye bilula ya njia tatu na ampuli ya polidokanoli, dawa ya kuziba mshipa. Dawa mililita 1 bomba hili, hewa mililita 4 lile, unasukuma huku na huku mara 20 hivi hadi itoke nyeupe na nzito kama povu la kunyolea. Lichomwe papo hapo. Likicheleweshwa, viputo huungana na dawa ikarudi kuwa maji. Badala ya kuisukuma damu kando ili iguse ukuta wa mshipa, inachanganyika nayo na kupoteza nguvu. Kikomo ni mililita 10 kwa siku. Mgonjwa hatiwi usingizi: anavalishwa soksi ya kubana akiwa bado amelala, kisha anatembezwa.

Cha ghali ni altrasaundi, na anayechoma bila hiyo anabahatisha: sindano ikiingia kwenye ateri, nyama inakufa. Hata kazi ikifanywa vizuri, wengine huona vimulimuli machoni kwa muda, doa la kahawia hukaa miezi, na mara chache damu huganda kwenye mishipa ya ndani. Na jaribio moja la Uingereza liliwakuta wa leza na wa upasuaji wakiwa na nafuu zaidi kuliko wa povu baada ya miaka 5.

Mwenye kidonda sugu karibu na kifundo cha mguu ana hesabu yake. Jaribio jingine la Uingereza, la 2018, liliwatibu mapema mishipa iliyovimba wenye vidonda hivyo, wengi wao kwa povu. Vidonda vikapona kwa siku 56 badala ya 82. Huyo kumwambia asubiri hadi apate pesa za leza ni kumwonea.

Pingamizi lenye uzito kwangu ni safari. Aliyetoka Moroto, mbali kaskazini-mashariki mwa Uganda, kutibiwa Kampala anatakiwa arudi baada ya wiki mbili hivi apimwe, damu iliyonaswa ndani ya mshipa uliozibwa itolewe kwa sindano, na palipobaki wazi pachomwe tena. Asiporudi, ile 16.3 inakuwa yake kweli. Daktari amuulize nauli ya kurudi kabla ya kufungua ampuli. Kama haipo, upasuaji wa mara moja bado ni tiba ya heshima.