Meno Yangu Kwenye Ndoo ya Vibua

Chanzo cha yote ni soda. Siku ya Krismasi mpwa wangu alikuwa anahangaika kutafuta kifungulio, na mimi, mtu mzima wa miaka 51, nikamwambia, "Lete hapa." Enzi zetu chupa tulikuwa tunafungua kwa meno. Kizibo kilitoka kweli, ila hakikutoka peke yake. Jino moja la mbele, la juu, lilikifuata, na jirani yake likapasuka mpaka kwenye mzizi, kesho yake likang'olewa. Kifungulio kilikuwa mezani, kimefunikwa na sahani ya pilau. Mama Neema alinionyesha kwa kidole tu, hakusema neno.

Kwa mwingine pengo la mbele ni jambo la sura. Mimi nafundisha Kusoma darasa la kwanza. Shule zilipofunguliwa Januari nilisimama ubaoni, nikawatajia watoto: tha, the, thi, tho, thu. Nao, kwa adabu zote, wakaitikia darasa zima: tha, the, thi, tho, thu. Wiki ya tatu mzazi mmoja akaingia ofisini na daftari la binti yake. Mtoto alikuwa amechora samaki mzuri mwenye magamba na mapezi, na chini yake, kwa mwandiko safi, ameandika THAMAKI. Kilichoniumbua zaidi ni alama ya vema pembeni. Niliiweka mwenyewe.

Mkuu wa shule akanipa ruhusa ya siku moja, akaongeza, "Na usirudi hivyo hivyo, mwalimu."

Daktari wa meno alikuwa binti wa umri wa Neema wangu. Aliniamkia, akanikalisha, akaniambia njia ziko tatu. Ya kwanza ni meno ya bandia ya kuvaa na kuvua: kipande cha plastiki chenye rangi ya ufizi, meno mawili mbele, na vibanio vya waya vinavyoshika meno ya jirani. Ya pili wanaiita daraja. Unachonga meno ya pande mbili za pengo yawe nguzo, unayavika kofia, na meno ya bandia yananing'inia katikati, yote yamegandishwa hayatoki. Hiyo ilinitia huruma. Meno ya jirani yangu hayakufungua soda ya mtu, kwa nini yachongwe?

Ya tatu ni kupandikiza. Skrubu ya titani inaingizwa kwenye mfupa wa taya, unasubiri miezi 3 hadi 6 mfupa uishikilie, ndipo jino linafungwa juu yake. Akaniambia iligunduliwa kwa bahati. Miaka ya 1950 daktari wa Sweden aitwaye Brånemark aliweka vifaa vya titani kwenye mifupa ya sungura ili achunguze damu inavyopita. Utafiti ulipoisha akataka kuvitoa, havitoki, mfupa umeving'ang'ania. Mwaka 1965 akamwekea binadamu. Nilimsikiliza kwa hamu mpaka nilipouliza bei. Kwa meno mawili ilikaribia pikipiki mpya. Nikamwambia daktari hongera kwa sungura, mimi nipe ya plastiki.

Kuchukua kipimo sitaki hata kukumbuka. Ni sahani ya chuma imejaa kitu kama uji mzito wa rangi ya waridi, inashindiliwa mdomoni, unasubiri ugande huku unaambiwa upumue kwa pua. Niliwakumbuka wazazi wangu wote wawili, Mungu awarehemu.

Siku ya kuyachukua alinipa masharti. Nilale bila hayo, yakae kwenye glasi ya maji. Niyasafishe juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasivunjike. Nisitumie maji ya moto hata kidogo. Na yakilegea nirudi, anikazie vibanio. Nikaitikia "sawa daktari" nne.

Yakalegea mwezi wa pili. Sikurudi.

Jumamosi moja natoka Kigamboni kumwona shemeji anayeumwa. Nikashuka kwenye pantoni, nikapanda daladala ya Temeke, imejaa, konda anapiga kelele, "Sogeeni nyuma, hapo katikati pana uwanja wa mpira!" Mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umebeba nazi tatu za shemeji. Mbele yangu amekaa mama mmoja katoka sokoni Feri, ndoo ya samaki kaibana kwa magoti. Pembeni yangu akapenyeza kijana na kiroba cha pilipili ya kusaga ambacho hakikufungwa vizuri.

Nilijitahidi. Kuanzia Kivukoni mpaka karibu na Bandari nilikaza uso. Kisha nikapiga chafya ambayo dereva alidhani ni tairi.

Nilisikia "chubwi" ndogo. Ulimi ukaenda kukagua mbele, ukakuta dirisha liko wazi.

"Mama, thamahani," nikamwambia. "Meno yangu yameingia kwenye thamaki."

Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Baba, samaki wote wana meno."

"Haya ni ya kwangu."

"Samaki wangu wawe wako tangu lini?"

Nyuma mtu akasema matapeli wa siku hizi wana mbinu. Mwingine akauliza kama nimelewa na saa sita haijafika. Konda, badala ya kusaidia, akagonga bati juu ya mlango. "Mzee, imeandikwa hapa: linda mali yako. Mzigo wa mdomoni hatuhusiki nao."

Ndipo sauti nyembamba ikatoka siti ya nyuma. "Shikamoo mwalimu!"

Alikuwa Zuhura, yule wa daftari, amepakatwa na mama yake. Akawageukia abiria. "Huyu ni mwalimu wetu. Ndiye aliyetufundisha thamaki."

Daladala ilicheka mpaka ikayumba. Lakini ushahidi ulitosha. Tulipofika Uhasibu dereva akasimama, mama akafunua ndoo, akaanza kupekua vibua mmoja mmoja, abiria wote shingo ndefu. Hayapo. Chini kabisa kulikuwa na changu mkubwa, mdomo wazi, na pale mbele, kama yametengenezwa kwa ajili yake, yamekaa meno yangu mawili na ufizi wake wa plastiki.

"Mh," akasema yule mama. "Yamemkaa kuliko wewe."

Nikanyoosha mkono. Akavuta ndoo. "Samaki aliyetemewa mate ya mtu nitamuuzia nani?" Hapo sikuwa na la kujibu. Nikamnunua changu, tena kwa bei ya mtu asiye na meno wala hoja, konda akanichangia gazeti la kufungia.

Nyumbani Mama Neema alimpokea changu kwa furaha, hakujua historia yake. Mimi nikabaki na harufu. Nilipiga mswaki yale meno kwa sabuni, nikayasugua kwa limau, bado Feri ilikuwa palepale. Basi nikafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya akiwa na birika linalochemka. Niliyaweka kwenye glasi, nikayamwagia. Yalijikunja taratibu mbele ya macho yangu kama ganda la chungwa juani.

"Ulitumia maji ya moto?" daktari aliniuliza Jumatatu.

"Ya vuguvugu."

Aliligeuzageuza lile plastiki, akanitazama, kisha akaenda kukoroga uji wa waridi.

Mengine yatakuwa tayari baada ya wiki mbili. Mkuu wa shule alifikiri sana, akaamua mwenzangu achukue Kusoma, mimi nichukue Kuhesabu. Nilifurahi: thelathini yangu na themanini yangu ziko safi kuliko za mtu yeyote pale shuleni. Nikaingia darasani, nikaanza kwa kujiamini. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Nilifika tano salama. Nikageukia ubao, nikaandika 6 kubwa, nikamwonyesha Zuhura kwa kidole aisome yeye.

"Thita!" akasema.