Kususia timu inayoshuka: hesabu isiyomaliziwa

Kila Ligi Kuu inapoingia mzunguko wa pili, vijiwe vya Dar es Salaam vinarudia ubishi uleule. Timu ndogo ya mjini inaburuza mkia au inakaribia kuushika, mishahara inasemekana haijalipwa, na shabiki wake anaulizwa: bado unaenda uwanjani kufanya nini? Wapo wanaomshauri asusie mpaka viongozi washike adabu. Wapo wanaomwambia aachane nayo moja kwa moja, kwani mjini hapa kila mtu ana Simba yake au Yanga yake, hiyo nyingine ni ya kupitishia muda. Naye anapanda daladala mpaka Mwenge, au anamalizia na bodaboda mpaka Mbweni, saa 9 mchana jua likiwa kali, akijua fika kwamba huenda akarudi na kichapo. Anaitwa king'ang'anizi, anaitwa asiyejua mpira.

Hoja ya kususia si ya kubezwa. Nguvu yake kubwa iko kwenye fedha, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua mashabiki 500 waliokata tiketi za Sh3,000: ni Sh1,500,000. Toa VAT ya asilimia 18 iliyomo ndani, inabaki kama Sh1,271,000, na hapo bado hujagusa mgawo wa uwanja, wa mamlaka za soka na gharama za mchezo wenyewe. Kinachofika klabuni hakitoshi kuwasafirisha wachezaji 20 na benchi la ufundi mpaka Kigoma, kuwalaza na kuwarudisha. Tena timu za Dar zilizocheza Ligi Kuu miaka ya karibuni nje ya wakubwa watatu (Simba, Yanga na Azam), KMC iliyoanzishwa na Manispaa ya Kinondoni na JKT Tanzania ya jeshi, haziishi kwa mapato ya mlangoni. Anayesema "Sh3,000 yako haiokoi timu" anasema kweli.

Hoja ya pili inauma zaidi. Timu ndogo imekuwa ikihamisha mechi zake za nyumbani dhidi ya Simba na Yanga, kuzipeleka kwenye mkoa wenye kiu ya kuwaona wakubwa, ili mlango ujae. Msimu wa 2021/22 KMC iliikaribisha Yanga mjini Songea na Simba mjini Tabora. Mkazi wa Kinondoni aliyevumilia sare za bila bao mchana wa Jumatano anaikosa mechi aliyoisubiri mwaka mzima, na timu inapoteza uwanja inaoujua. Anayesusia baada ya hapo ana haki ya kuwa na hasira. Lakini hasira yake aielekeze palepale: mechi iliyohamishwa asiifuate. Kuziacha na nyingine zote ni kumwadhibu beki kwa uamuzi wa kiongozi.

Tuje kwenye pointi, kwa sababu huko ndiko mwenye kususia anaacha hesabu njiani.

Ligi ina timu 16 na kila moja inacheza mechi 30. Wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja. Wa 13 na wa 14 wanacheza mchujo wao kwa wao, nyumbani na ugenini, na anayepoteza anakutana na aliyetoka kwenye mchujo wa Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, kugombea nafasi moja. Kipimo cha mtaani ni pointi moja kwa kila mechi: ukimaliza na 30, jiandae kwa mchujo, usijihesabu umepona. Sasa toa mechi nne za Simba na Yanga, uzihesabu sifuri zote. Zinabaki 26, na 13 kati yake ni za nyumbani. Timu ya kawaida ya chini ikishinda sita nyumbani, ikatoa sare nne na kufungwa tatu, ina pointi 22. Ugenini ikishinda mbili na kutoa sare tano, inaongeza 11. Jumla 33, imepona. Geuza ushindi wa nyumbani mara mbili tu kuwa sare. Ni mabao mawili katika msimu mzima, pengine yote mawili dakika ya 80 na kitu, na tayari uko kwenye 29.

Mabao hayo mawili ndiyo ubishi wenyewe. Yakiwa dhidi ya mwenzako wa mkiani, uzito unaongezeka, maana ukiwa 1-1 dakika ya 88, bao lako linakupa tatu na kumnyima yeye hata ile moja, na bao lake linafanya kinyume chake. Ndiyo maana inaitwa mechi ya pointi sita. Mechi za namna hii, kwa timu moja, ni kama tano au sita kwa msimu zikiwa nyumbani, na karibu zote zinachezwa mbele ya majukwaa matupu. Watu wanajaa siku ya Yanga. Siku ya kujiokoa, wanaangalia simu.

Je, jukwaa linafunga bao? Halifungi. Lakini mtazame beki wa pembeni anayecheza upande wa mashabiki, dakika ya 70, saa 10 jioni ikiwa imeshapita na joto la pwani bado limekaa nyasini. Anapata mpira akiwa na nafasi ya kupanda. Kama pasi yake ya kwanza ya siku ilipotea na jukwaa likamzomea, hatapanda. Atarudisha kwa beki wa kati, huyo atarudisha kwa kipa, kipa atapiga mbele bila hesabu, na mpira utarudi ukiwa wa mpinzani. Kocha aliye benchi anaona tatizo ni mguu wa beki, anamtoa, na nafasi moja ya kubadilisha imekwenda bure. Jukwaa hilohilo likinyamaza pale alipokosea, kisha likampigia makofi alipojaribu tena, beki yuleyule atakwenda mpaka kwenye kibendera cha kona na kuleta krosi. Uwanja wenye watu 400 una faida moja ambayo Mkapa iliyojaa watu 60,000 haina: mchezaji anasikia jina lake, na anaijua sauti ya aliyelitaja. Ndiyo maana zomeazomea ya uwanja mdogo inamuumiza kuliko ya uwanja mkubwa, na ndiyo maana shabiki wa timu ndogo ana kazi yenye ufundi. Kelele azipige timu inapopata kona na faulo za karibu, na mpira ukiwa kwa kipa wa wageni anayechelewesha. Timu yake ikiwa inajipanga kukaba, afadhali atulie ili kipa na mabeki wasikilizane.

Uwanja mdogo uliwahi kuifanya kazi hiyo mbele ya nchi nzima. Tarehe 29 Novemba 2022, Yanga ilikwenda Ubaruku, Mbarali, ikiwa haijafungwa mechi 49 za ligi, na Ihefu iliyokuwa ikihangaika chini ya msimamo iliifunga 2-1. Mechi hiyo ingeuzwa kwenye uwanja mkubwa wa mkoa mwingine ingeingiza fedha zaidi mlangoni. Ihefu ilibaki kwake, ikachukua pointi tatu ambazo hakuna aliyekuwa amezihesabu, na msimu ikaumaliza mbali na eneo la hatari.

Shabiki anaweza pia kuiumiza timu akidhani anaisaidia. Chupa ikirushwa uwanjani, faini inakwenda klabuni. Timu ikiingia kwa mlango usio rasmi kwa sababu kamati ya ufundi ya mtaani, ile ya mambo ya ushirikina, imeshauri hivyo, Bodi ya Ligi inaandika barua na klabu inalipa. Kwa Simba faini hiyo ni usumbufu. Kwa timu inayodaiwa mishahara ni posho ya wachezaji iliyoyeyuka. Kama kuna jambo la kuwasusia watu wa jukwaani, ni hili.

Upande wa kususia una jibu lake la mwisho: acha ishuke, ijisafishe, itarudi. Wanaitaja Coastal Union, iliyoshuka mwaka 2016 pamoja na African Sports na Mgambo JKT, Tanga nzima ikabaki bila timu, kisha ikapanda mwaka 2018 na msimu wa 2023/24 ikamaliza ya nne na kwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Wanaitaja Mtibwa Sugar, bingwa wa 1999 na 2000, iliyoshuka mwaka 2024 na kurudi mwaka uliofuata ikiwa bingwa wa Championship. Wanaitaja Mbeya City, iliyong'olewa na Mashujaa kwenye mchujo wa 2023 na kurejea 2025. Mifano hiyo ni ya kweli, na inaonyesha kwamba kushuka si kifo cha lazima.

Ila orodha hiyo inasomwa upande mmoja. Mwisho wa msimu wa 2019/20 zilishuka Lipuli ya Iringa, Ndanda ya Mtwara, Alliance, Singida United na Mbao. Timu tano, na hakuna hata moja iliyorudi Ligi Kuu. Iringa ilibaki na uwanja wa Samora bila mechi ya Ligi Kuu ya timu yake. Mtwara ilibaki na uwanja wake wa Nangwanda Sijaona. Mwanza, jiji la pili la nchi kwa ukubwa, ilipoteza timu mbili kwa mkupuo, Alliance na Mbao, na jiji lenyewe likasubiri mpaka Pamba ilipopanda mwaka 2024. Na Pamba yenyewe ilikuwa imeshuka mwaka 2001. Miaka 23! Mtoto aliyebebwa begani uwanjani Kirumba siku Pamba inashuka alirudi kuiona Pamba kwenye Ligi Kuu akiwa na mtoto wake mwenyewe.

Hapa Dar hadithi ni hiyohiyo. Ashanti United ya Ilala ilishuka mwaka 2014, haijarudi. African Lyon ilishuka na kupanda zaidi ya mara moja mpaka ilipoanguka mwaka 2019, na huko imebaki. Villa Squad ya Magomeni leo ni jina la kwenye kumbukumbu. Pan African iliyokuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1982 imekaa madaraja ya chini miaka mingi. Nyingi zilikuwa timu za mitaa. Timu ikishuka, fungu lake la haki za matangazo, ule mkataba wa Azam Media wa Sh225.6 bilioni kwa miaka kumi uliosainiwa 2021, linakatika. Wachezaji wazuri wanaondoka dirisha la kwanza la usajili. Mdhamini anaaga kwa adabu. Barabara za kwenda mikoani zinabaki na urefu uleule.

Na mahali pa aliyeshuka hapabaki wazi. Kuna njia nyingine ya mji kupata timu, ni kuibadilisha jina iliyopo. Kitayosce ikawa Tabora United. DTB ikawa Singida Big Stars. Ihefu, ileile ya Ubaruku iliyoifunga Yanga, mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars na kuhama. Nafasi ya ligi inahamishika, wachezaji na mikataba wanahamishika. Watu wa jukwaani hawahamishiki. Kwa hiyo anayesema "ikifa, tutapata nyingine" anaweza kuwa sahihi kwa mji, na akawa amekosea kabisa kwa klabu.

Linganisha waliorudi. Mtibwa ilirudi kwa sababu kiwanda chake cha sukari kilibaki nyuma yake. Coastal ilirudi ikawakuta watu wake Tanga palepale ilipowaacha. Timu ya mtaa wa Dar haina kiwanda, na mwenye mfuko anaweza kuchoka mwaka wowote. Kitu pekee inachoweza kushuka nacho na kupanda nacho ni kundi la watu wasiochagua siku ya kuja. Hao ndio wanaoitwa ving'ang'anizi.

Kwenda uwanjani hakumzuii mtu kuuliza. Anayekwenda kila wiki ndiye anayeona kwamba kiungo wa kati hajavaa viatu vyake bali vya kuazima, kwamba kocha wa makipa ametoweka tangu Desemba, kwamba usajili wa dirisha dogo ulileta mshambuliaji asiye na pumzi za dakika 60. Swali lake likifika kwenye mkutano wa wanachama au kwa mwandishi wa habari lina tarehe na jina la mechi. La msusiaji lina hasira tu, na viongozi wabovu wamezoea kuisubiri hasira ipoe.

Kwa hiyo atakayeamua kurudi afungue ratiba ya mzunguko wa pili, aweke kando mechi za Simba na Yanga, azitafute za nyumbani dhidi ya timu zilizo nafasi ya 11 mpaka ya 16. Nyingi zitakuwa katikati ya wiki, mchana. Aombe ruhusa kazini mapema, afike nusu saa kabla, akae upande ambao beki wa pembeni wa timu yake atacheza kipindi cha pili.