Faulo Isiyo na Filimbi

Yakhe, mpira gani huu wa besiboli unaoanza saa nane na dakika kumi usiku? Kule Boston ndiyo kwanza jioni, watu wametoka kazini. Huku Michenzani hata paka wamelala. Ukiwasha televisheni tu, mama watoto anauliza nani kafa. Unamwambia Red Sox, timu ya Boston, wanacheza na Yankees wa New York. Anauliza: wanakudai?

Maneno yenyewe mtego kwa aliyekulia Simba na Yanga. Ukisikia faulo unatafuta nani kaumizwa, kadi iko wapi. Wala! Faulo ni mpira uliopigwa ukatoka nje ya ile mistari miwili ya pembeni inayoanzia kwa mpigaji. Gongo nalo la mti, si la kunywa. Na wizi ruhusa: mkimbiaji anaiba besi ya pili, yaani anachomoka kituo kimoja kwenda kingine mpira haujapigwa, mbele ya uwanja mzima, anapigiwa makofi. Ajaribu Darajani.

Hesabu ndiyo inayotoa roho. Mrushaji yuko juu ya kichuguu cha sentimita 25, mita 18 na kitu kutoka kwa mpigaji, anavurumisha kilomita 150 kwa saa. Straiki, yaani mpigaji kapiga hewa au kauacha mpira upite eneo la kupigwa, zikifika tatu yuko auti, katolewa. Boli nne, yaani mrushaji kakosa eneo na mwenziwe hakulitikisa gongo, anapewa besi ya kwanza bure. Hapo hata mcheza bao anafuata. Balaa ni ile faulo: inaandikwa straiki, lakini ukishakuwa na mbili haiandikwi tena, isipokuwa umeliweka gongo mbele kuuzuia mpira tu. Basi mpigaji mwenye inda anaukwaruza mara nane, mara kumi, na wewe na kikombe chako cha kahawa mko palepale, straiki mbili, boli tatu. Inda hiyo ina akili lakini. Mrushaji akikaribia mipira mia, mkono unalegea, kocha anamtoa, na akitolewa mapema wanaoingia ndio hao wa kuomba dua.

Tangu 2023 kuna saa ya kumhimiza mrushaji: sekunde 15 besi zikiwa tupu, akichelewa anaandikiwa boli. Alhamdulillahi, zamani mchezo mmoja ulikuwa unakula muda wa saa tatu na zaidi.

Sasa uone ukuta wa Fenway, uwanja wa Red Sox, kushoto, wa kijani, mita 11 kwenda juu, kama nyumba ya ghorofa ya Mji Mkongwe, tena uko mita 94 tu kutoka kwa mpigaji. Huyu kaupiga kama risasi, kwengine ungeshatoka. Hapa unagonga ukuta, unarudi, jamaa anaishia besi ya pili. Anakuja mwengine, kaupiga kivivu, umepanda kama tiara, unadondokea ng'ambo: homurani, anazunguka besi zote anapata pointi! Nani alaumiwe, fundi mwashi?

Na hao Red Sox wenyewe, baada ya msimu wa 1919 walimuuza nyota wao Babe Ruth kwa Yankees. Kwa mtani! Ubingwa walioupata 1918 hawakuuona tena mpaka 2004.

Sare hakuna. Wakitoka sawa baada ya awamu tisa, kila awamu wageni wakipiga kwanza kisha wenyeji, wanaendelea, kila upande unawekewa mkimbiaji wa bure besi ya pili, mpaka adhana ya alfajiri ikukute umekodoa. Au Yankees wamemaliza zamu yao ya tisa, unakwenda kutia chai upate kuwaona wenyeji wakipiga. Unarudi na birika, Red Sox wanapeana mikono wenyewe kwa wenyewe. Walikuwa wanaongoza, basi zamu yao ya mwisho haichezwi.