Povu la kompresa: zuri porini, la kuangaliwa chumbani

Gari la zimamoto lenye tangi la lita 2,000, likimwaga lita 400 kwa dakika, hukauka ndani ya dakika 5. Ukishaijua hesabu hiyo, huwezi kushangaa kwa nini povu la hewa ya kompresa lina wapenzi wengi. Maji huchanganywa na dawa kidogo ya povu, mara nyingi chini ya asilimia 1, kisha kompresa hupuliza hewa ndani ya mchanganyiko kabla haujaingia kwenye mpira wa kumwagia maji. Kinachotoka hufanana na povu la kunyolea ndevu, na maji yale yale hufunika eneo kubwa mara kadhaa.

Fikra yenyewe si ngeni. Miaka ya 1970 watu wa misitu wa Texas, waliozoea nyasi kavu na maji haba, walitengeneza povu la aina hii kwa masalia ya sabuni ya viwanda vya karatasi.

Sifa kubwa ya povu ni kung'ang'ania. Ukiyapiga maji ukutani, mengi huteremka sakafuni hata hayajafanya kazi. Povu hubaki pale pale likiachia maji polepole, na dawa iliyomo huyasaidia kupenya kwenye mbao, magodoro na marundo ya nyasi. Weupe wake nao hurudisha miali ya joto, ndiyo maana hupakwa kwenye kuta za nyumba kabla moto wa porini haujafika.

Halafu kuna uzito. Mita 30 za mpira wa kipenyo cha milimita 45 zikijaa maji hubeba karibu kilo 48 za maji peke yake. Zikijaa povu, sehemu kubwa ya nafasi hiyo ni hewa. Askari anayepandisha mpira ghorofani haihitaji semina kuona tofauti.

Lakini wepesi huo huo ndio unaonitia shaka. Maji yaliyojaa mpirani huupoza mpira wenyewe. Povu lina maji machache ya kufanya kazi hiyo. Desemba 2005, mjini Tübingen, Ujerumani, askari wawili wa zimamoto walikufa ndani ya jengo lililokuwa likiungua, na mpira wao wa povu ulikuwa umepasuka kwa joto. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kuwa mpira wenye povu huvumilia joto kwa muda mfupi kuliko wenye maji. Watetezi hujibu kwamba hata mpira wa maji ukilala juu ya makaa utatoboka. Ni kweli, ila dakika ni dakika, hasa kwa mtu aliye ndani ya moshi.

Ugomvi wa pili ni mgumu zaidi kuuamua. Chumbani, hatari kubwa ni gesi za moto zilizotanda chini ya dari, zikisubiri kuwaka kwa mkupuo. Matone madogo ya maji hufyonza joto hilo hewani; kila kilo inayogeuka mvuke hula karibu megajuli 2.3 za joto. Povu hupita katikati ya moshi kama rungu na kwenda kushika ukuta. Wapenzi wake husema ukishafunika kinachoungua, gesi zinakatika kwenye chanzo. Hoja hiyo ninaikubali pale askari anapouona moto kwa macho. Akiwa kwenye korido, moto umejificha nyuma ya kona, siikubali hata kidogo.

Dawa ya povu ikiisha bila dereva kugundua, maji na hewa hukataa kushikana. Husafiri mpirani kwa vipande, na mpira unaanza kurukaruka mikononi. Kuhusu mazingira, dawa za moto wa mbao na nyasi kwa kawaida hazina zile kemikali za PFAS, zisizooza kirahisi, zilizozua kelele kwenye povu la kuzimia moto wa mafuta, lakini bado ni sabuni, na samaki hawana hamu nayo.

Kwa hiyo povu ningelitumia kwenye nyasi, magari, marundo ya takataka na kazi ya kumalizia makaa. Kwenye kuingia ndani, maji yatangulie. Na anayenunua gari lenye mfumo huu aulize kwanza dereva atatumia sekunde ngapi kuzima kompresa na kurudi kwenye maji matupu, huku wenzake wako ndani wameshika mpira.