Baba wa Ramu Katika Nyumba Isiyo na Ramu

Keki iliyonitia fedheha wiki iliyopita inaitwa baba, na kwa kuwa mimi ndiye baba mwenye nyumba, kila liliposemwa jikoni neno kwamba baba amelowa, baba amelegea, baba ananuka pombe tangu asubuhi, majirani wa upande wa pili wa ukuta walikuwa wakiniandikia dhambi nisizozitenda. Binti yangu anayesoma sekondari akanitonesha kidonda kwa kunieleza kwamba katika Kipolandi neno hilo lina maana ya bibi kizee, na kwamba duka la keki la Stohrer lililofunguliwa Paris mwaka 1730 bado linauza baba hadi leo. Nikamjibu kwamba ikiwa Paris wameweza kumuuza baba kwa karibu miaka 300, sisi wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, hatuwezi kushindwa kumpika mara moja kwa ajili ya komunyo ya mdogo wake.

Tulishindwa kwa sababu ya vijiko. Daftari la mapishi la mke wangu, ambalo kurasa zake zimegandana kwa siagi ya miaka mingi, linataka shira ya maji lita 1 na sukari nusu kilo, kisha ramu vijiko vikubwa 10. Hapa Lubumbashi utapimiwa mafuta kwa kikombe, na mama wa gengeni atakufungia sukari ya chai ya siku moja katika kifuko, lakini hakuna binadamu atakayekuuzia ramu kwa kijiko: ni chupa nzima au urudi nyumbani, na chupa niliyoonyeshwa ilikuwa na bei ya gunia la makala, yaani mkaa. Niliporudi mikono mitupu, shemeji yangu, kijana ambaye hajawahi kuumua hata andazi moja, akatoa hukumu kwamba pombe ni pombe, na mkosa titi la mama hata la mbwa hunyonya.

Huyo ni mtu ambaye akiagiza Simba baa akaletewa Tembo, humwita mhudumu kwa sauti ya msiba. Ulimi unaotofautisha bia mbili za mji mmoja ukiwa gizani unawezaje, ukifika jikoni, kutangaza kwamba vinywaji vyote vya dunia ni ndugu?

Tukaanza na bia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Shira ilifura povu hadi ikazima nusu ya makala ya mbabula, jiko letu la mkaa, na ule uchungu unaopendeza katika glasi baridi ukazidi kukolea kadiri maji yalivyokauka, hata mwishowe tukapata dawa ya minyoo yenye sukari. Jirani akatuletea kibaki cha wiski, ambacho hakikutosha vijiko viwili, halafu likaja pombe tamu la machungwa lililobaki katika harusi ya mtu, nalo lilikuwa na sukari yake tayari ambayo hakuna aliyekumbuka kuipunguza katika sufuria.

Mke wangu alijaribu kutuelimisha, akisema kwamba ungekuwa unga wa keki ya kawaida angeweza kuvumilia mchezo wetu, maana moto huondoa sehemu ya pombe, ijapokuwa hauondoi yote, na mayai na siagi husitiri kinachobaki. Baba, kinyume chake, huumuliwa kwa hamira na kuokwa bila tone la pombe, kisha ndipo hunyweshwa shira, na ramu hutiwa wakati shira imekwisha kuteremshwa, kwa kuwa kileo huchemka kwenye digrii 78, kabla ya maji. Kwa hiyo ukitia ramu utasikia ramu, na ukitia upuuzi utausikia wote. Ramu, aliongeza, ni mtoto wa muwa, ndiyo maana hupatana na sukari.

Shemeji alisikia neno moja tu katika hotuba hiyo: kileo. Akatoka, akarudi na lutuku kutoka kwa mzee wa nyuma ya nyumba yetu, katika chupa ya maji iliyozibwa kwa gunzi la muhindi. Lutuku ni mtoto wa mahindi na muhogo, na ukali wake haukuandikwa popote isipokuwa machoni mwa wanaoinywa. Nilipokuwa nafungua mdomo kumkumbusha ateremshe sufuria, alikwisha kumimina. Moto wa buluu uliruka kutoka katika mbabula, ukalamba ukingo wa sufuria, ukapita kwenye nyusi zangu, kisha ukatulia kwa adabu kana kwamba umekuja kusalimia tu. Nyusi ya kushoto imeanza kuota sasa. Mama watoto hakuniuliza kama nimeungua. Aliuliza kama baba ameungua, na ilinichukua muda kuelewa kwamba hakunikusudia mimi.

Nikaenda nikanunua ramu. Jumamosi hiyo jioni shemeji, yule mzee na jirani wa wiski wakaja kuihakiki, kwa hoja kwamba siku hizi bidhaa bandia ni nyingi na haifai kumlisha padri kitu kisichojulikana. Uhakiki ulikuwa makini mno, na mimi kama mnunuzi nililazimika kuushuhudia hadi usiku. Asubuhi mke wangu alipoigeuza chupa juu ya shira akahesabu vijiko 7, akaitikisa, akasubiri matone, akanitazama. Shemeji akatazama dirishani, ambako palikuwa na ndoo ya munkoyo wa watoto, kinywaji cha mahindi, mtamu kwa mizizi yake na usioweza kulevya hata kifaranga.

Padri alikula vipande viwili bila neno. Mama mkwe alikula kimoja, akalamba midomo, akafikiri kwa muda mrefu, kisha akauliza mbele ya wageni wote: “Nani amemnywesha baba munkoyo?”