Gari umetoa, jina umelibakiza

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sikatai. Lakini gari si shati, kwamba ukishalivua na kumvika mwenzio mambo yamekwisha. Gari lina kadi, na kadi ina jina. Jina likiendelea kuwa lako, machoni pa sheria bado ni gari lako.

Hapo ndipo wengi tunapoteleza, nami ni mmojawapo. Nilimpa shemeji yangu gari, nikamkabidhi funguo, tukacheka, kadi ikabaki kwenye droo. "Tutabadilisha wiki ijayo." Wiki ijayo ikawa miezi minane, na faini ya mwendo kasi ikaja kwangu, kwa sababu kamera haimjui dereva, inajua namba ya gari. Afadhali ilikuwa faini. Angegonga mtu akakimbia, mlango wa kwanza kugongwa ungekuwa wangu.

Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja: funguo zitoke siku ileile umiliki unapohamishwa, si kabla. Hata kama ni ndugu. Hasa kama ni ndugu, maana ndiye tunayeona haya kumdai karatasi. Andikeni hati ya zawadi yenye majina yenu, namba ya chasisi, kilomita zilizosomeka, tarehe na hata saa, mtie saini nyote, kila mmoja abaki na nakala. Kama gari bado lina mkopo, malizana kwanza na aliyekukopesha. Huwezi kugawa kilichowekwa rehani. Bima ya mpokeaji ianze kabla hajawasha injini, asitegemee yako. Na uliza kuhusu kodi, kwani ziko nchi ambako hata zawadi hutozwa.

Kinachoniudhi zaidi ni mtu anayegawa gari bovu ili ashukuriwe. Breki zimekwisha, naye anasema, "Si nimempa bure? Atatengeneza mwenyewe." Mteremko haujui habari za bure. Tazama tairi: ubavuni mwake, mwishoni mwa ile namba inayoanza na DOT, kuna tarakimu 4. Ukiona 2312, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012, na mpira wa umri huo si wa kuuamini hata kama mifereji yake bado mirefu. Kisha mtumie mtengenezaji namba ya chasisi, uulize kama ameliita gari hilo lirudishwe kurekebishwa kasoro. Mfano ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ile inayofumuka kumkinga mtu gari likigonga: iliyofungwa kwenye mamilioni ya magari ya kampuni mbalimbali, iliharibiwa na joto na unyevu, ikawa inapasuka na kurusha vipande vya chuma. Iliua watu. Gari lisilotengenezeka lipeleke kwa wanaovunja magari kwa utaratibu, usimpe mtu.

Kabla ya kushuka mara ya mwisho, futa pia majina ya simu yaliyobaki kwenye redio, na ile anwani ya "nyumbani" kwenye ramani. Shemeji yangu alikaa na orodha ya watu wangu wote miezi minane, na aliisoma.